Kijifungu cha Mwisho

Katika kitivo kile cha mjini Niš hakuna mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kumchukia Zagorka Mitić. Alikaa dirisha namba tatu kwa miaka ishirini na tisa, na dirisha lake lilifunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Si saa sita na dakika moja. Mkono wa mtu ungekuwa bado umeshika karatasi upande wa pili, yeye anashusha kioo, anageuza kiti, anaanza kuchonga penseli. Wanafunzi walimwita Kufuli. Jina alilijua tangu zamani na halikumnyima usingizi.

Kusajiliwa, kuhamia kutoka kitivo kingine, kubadili fani, kuahirisha masomo, kujitoa: yote yalipita mikononi mwake. Karatasi ikipungua muhuri, alirudisha. Sahihi ikiwa ya bluu mahali panapotakiwa nyeusi, alirudisha. Hakueleza. Alisukuma tu karatasi kwa kidole kimoja hadi inadondoka upande wa pili, na mwenyewe uiinamie. Dirisha namba mbili alikaa Biserka, mwanamke mnene wa sauti tamu, ambaye droo yake ilijaa kahawa na chokoleti za wanafunzi. Kwa Biserka karatasi yenye upungufu ilipita tu. Ndiyo maana foleni ya dirisha namba mbili ilifika hadi kwenye ngazi, na ya namba tatu ilikuwa ya waliokosa bahati.

Wachache walijua kwamba Zagorka hakuanza hivyo. Mwaka wake wa pili kazini alikuja kijana wa Leskovac, Blagoje, akataka kusajiliwa mwaka wa tatu. Mtihani wa takwimu haukuwa umeandikwa katika kitabu chake cha mitihani. Akasema amefaulu, ni profesa tu hajaleta orodha. Alikuwa na koti lililoliwa mikono na uso wa mtu asiyedanganya. Zagorka akamhurumia, akamgongea muhuri. Miaka miwili baadaye, siku ya kukagua faili za wahitimu, ikaonekana kwamba takwimu alishindwa na hakuirudia. Kwa kuwa hakuwa na haki ya kuingia mwaka wa tatu, kila alichofanya baada ya hapo kilifutwa: mitihani kumi na mitano. Blagoje mwenyewe hakuja kulalamika, alikwenda Italia kubeba zege. Alikuja mama yake. Alisimama mbele ya dirisha na kitambaa chake cheusi, akamwuliza Zagorka alipata faida gani kumdanganya mtoto wa mtu. Tangu siku ile Zagorka hakuamini tena uso wa mtu. Aliamini kitabu cha kanuni, na kitabu hicho alikijua kwa moyo, mpaka kwenye maelezo ya chini ya kurasa.

Basi Oktoba moja, wiki ya usajili, alikuja Kosara Živković, msichana wa mwaka wa tatu kutoka Knjaževac, mmoja wa wale wanaosoma kwa nafasi ya serikali. Alikuwa ameshinda kwenye foleni tangu saa mbili, na macho yake yalionyesha kwamba usiku hakulala. Akasema anataka kuahirisha masomo mwaka mmoja.

"Sababu?"

"Baba amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa. Nyumbani hakuna mtu mwingine, mama alishafariki."

"Cheti cha daktari."

Kosara akapitisha cheti chini ya kioo. Zagorka akakitazama, akakisukuma kirudi.

"Hiki si chako."

"Ni cha baba. Mimi siumwi."

"Basi huna sababu. Kifungu cha arobaini na moja: ugonjwa wa mwanafunzi mwenyewe, mimba, kulea mtoto ambaye hajatimiza mwaka, jeshi."

"Sasa baba nimwache na nani, mama? Nimfungie ndani nije darasani?"

Zagorka alikuwa ameshasikia tangu asubuhi bibi watatu waliokufa, mafuriko mawili na mbwa aliyekula kitabu cha mitihani. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Akasema, bila hata kupandisha sauti, "Baba yako si mwanafunzi wetu."

Kosara akainama mpaka mdomo wake ukakaribia tundu la kuzungumzia.

"Siku ukifa," akasema taratibu, "hicho kifungu chako ndicho kije kikuoshe. Maana mtu hutapata. Huna roho wewe. Una mfuko wa mihuri pale mahali pa roho."

Zagorka akashusha kioo. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Mara ya kwanza kwa miaka ishirini na tisa akafunga kabla ya wakati, na watu wakaanza kupiga kelele na kugonga ukuta kwa viganja. Alikaa humo ndani ameshika kingo za meza. Kilichomchoma si tusi. Kifungu cha arobaini na moja kilikuwa na kijifungu cha mwisho, mstari mmoja na nusu: na katika hali nyingine, kwa idhini ya baraza la kitivo, ombi likiletwa kabla ya tarehe kumi na tano Novemba. Alikuwa nao mdomoni mstari huo, ameshavuta pumzi ya kuusema, msichana alipoanza kumtukana. Akaumeza.

Mtu mmoja kwenye foleni alikuwa amerekodi yote kwa simu. Kufikia jioni nusu ya mji ilikuwa imeona. Kesho yake Zagorka aliingia duka la mikate alikonunua burek, mkate wa tabaka wenye nyama, kila asubuhi kwa miaka kumi, akaomba na mtindi. Muuzaji, mwanamke aliyemjua kwa jina, akamwuliza kama anataka mtindi mkubwa au mdogo, au mtindi nao si mwanafunzi wao. Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Zagorka akaacha burek juu ya kaunta ikitoa mvuke, akatoka na njaa yake. Mwanawe akapiga simu kutoka Graz, akauliza, "Mama, kweli ulisema vile?" Akamjibu ndiyo, akakata.

Siku ya tatu akaitwa na katibu wa kitivo, Prodanović. Huyu alikuwa bwana wa tai za hariri na mikono laini, anayependa kumsogezea mtu kiti kabla hajamchinja. Alianza kwa kusema kwamba video ile ni aibu, mkuu wa kitivo amekasirika, magazeti yamepiga simu, lakini yeye anaweza kuyazima. Kisha akafungua droo na kutoa jalada jembamba. Ndani yake kulikuwa na maombi ya Uroš Paligorić, kijana aliyekuwa akihama kutoka chuo cha kulipia, akitaka kuingizwa moja kwa moja mwaka wa nne na mitihani kumi na minne ihesabiwe. Kamati ya kulinganisha mitihani haikuwa imekaa. Mwisho wa kuhamia ulikuwa tarehe thelathini Septemba, na leo ilikuwa ishirini na moja Oktoba. Baba yake Uroš alikuwa mtu mkubwa wa halmashauri.

Zagorka akauliza kamati ilikaa lini.

"Itakaa," akasema Prodanović. "Wewe mwandike kwa tarehe ya Septemba."

"Sajili nimeifunga, Bwana Katibu. Wa mwisho ni namba mia mbili kumi na mbili. Nimepiga mstari mwekundu chini yake na nimetia sahihi."

"Mstari ni wino tu, Zagorka."

"Wino wangu."

Prodanović akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetafuna kitu kichungu. Akamwambia kwamba yeye si mtu wa kupendwa katika jengo hili, kwamba akianguka hakuna hata mfagizi atakayemwokota, na kwamba anampa nafasi ya kuwa na rafiki mmoja. Zagorka akafunga jalada, akalirudisha mezani, akalinyoosha lilingane na ukingo wa meza. Akasema marafiki hawaandikwi kwenye sajili.

Jumatatu ikatoka barua. Kwa ajili ya kulinda heshima ya kitivo mbele ya jamii, Zagorka Mitić anahamishiwa chumba cha nyaraka. Dirisha namba tatu akapewa Biserka pamoja na la kwake. Wanafunzi waliposikia walipiga makofi koridoni, na mmoja akabandika kufuli la karatasi kwenye kioo. Biserka alimsaidia kubeba masanduku hadi kwenye ngazi za chini, akisema, "Pole shoga yangu, dunia ndivyo ilivyo," huku macho yakimng'aa.

Chumba cha nyaraka kilikuwa chini ya ardhi, kimepitiwa na mabomba ya kupashia jengo joto. Upande mmoja uliunguza kwa joto, upande mwingine uligandisha kwa baridi. Humo zilikaa sajili za miaka sitini, na faili za wanafunzi wote na vyeti vyao halisi vya sekondari, ambavyo kitivo huvishika mpaka mtu ahitimu au ajitoe. Zagorka alikaa huko karibu wiki tatu bila kusikia neno ila mabomba.

Tarehe kumi na moja Novemba mlango ukafunguliwa, akaingia Kosara. Alikuwa amekonda. Alipomwona aliyekaa nyuma ya meza alisimama mlangoni, kisha akasonya kwa nguvu.

"Kumbe ndiko walikokutupa. Sawa. Nipe cheti changu cha sekondari niende zangu."

Akatupa karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya kujitoa chuoni, imesainiwa, ina muhuri wa Biserka. Zagorka akaisoma mara mbili. Akauliza nani alimwambia ajitoe. Kosara akasema yule mama wa dirishani, mwenye adabu zake, alimweleza kwamba kwa kuwa hawezi kuahirisha, rahisi ni kujitoa, na mwakani atarudi kama kawaida.

"Hutarudi kama kawaida," akasema Zagorka. "Nafasi ya serikali umeipoteza. Utafanya mtihani wa kuingia upya na utalipa. Cheti chako nikikutolea humu ndani, kujitoa kumekamilika. Nisipokutolea, hii fomu ni karatasi ya kufungia vitunguu."

"Kwa hiyo sasa unaninyima hata kuondoka."

"Kaa chini. Unajua kuandika ombi?"

Kosara hakukaa. Akamwambia kwamba kama anataka afutiwe ile video, basi si yeye aliyeirekodi, na hata angekuwa yeye asingeifuta mpaka kiama. Zagorka akasema hajauliza habari za video. Akachukua kitabu cha kanuni, akakifungua ukurasa bila kutafuta, akakigeuza, akaweka ukucha chini ya kijifungu cha mwisho. Msichana akasoma. Akasoma tena. Uso ukambadilika, kwanza ukawa mweupe, kisha mwekundu hadi shingoni.

"Siku ile ulikuwa unakijua hiki?"

"Nilikuwa nakijua."

"Ulikijua ukanyamaza. Nimekaa mwezi mzima nambadilisha baba nepi huku nalia kwamba shule imekwisha, na wewe ulikijua. Kwa nini?"

Zagorka angeweza kusema kwamba kwa miaka yote baraza limekubali maombi mawili tu ya namna hiyo. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa ndiyo sababu, na chumba kile hakikuwa na foleni ya kujifichia.

"Kwa sababu hukuuliza habari za kifungu," akasema. "Uliuliza habari za roho yangu. Nikakasirika."

Kosara alimtazama kwa chuki safi, isiyochanganyika na kitu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono apewe kalamu.

Waliandika saa nzima. Zagorka alikuwa akitaja kwa sauti kavu, Kosara akiandika, na mara tatu Zagorka akaichana karatasi, mara kwa tarehe iliyokosewa, mara kwa neno "nawasihi". Akamwambia baraza halisihiwi, baraza linaombwa kwa mujibu wa kifungu. Mara ya tatu Kosara alisema atampiga kitabu hicho kichwani, na Zagorka akamwambia ampige baada ya kumaliza aya. Mwisho akamwandikia orodha: hati ya hospitali iliyoonyesha hali ya baba, uthibitisho kwamba wanakaa nyumba moja, na cheti cha kifo cha mama. Vyote vitatu, halisi, kabla ya tarehe kumi na tano kwisha. Fomu ya kujitoa akaiandikia kwa penseli nyekundu "haijakamilika" na kuirudisha juu.

Zagorka hakumwambia "nenda salama", wala Kosara hakushukuru.

Tarehe kumi na tano ukungu ulishuka milima ya Knjaževac mpaka basi likatembea kama linapapasa njia. Kosara aliingia kitivoni saa sita na dakika kumi. Biserka alikuwa ameshashusha vioo vyote viwili na kwenda kunywa kahawa. Msichana akashuka ngazi za chini mbili mbili, akasimama mbele ya Zagorka na bahasha iliyoloa.

"Dirisha limefungwa. Saa sita ni saa sita, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Furahi basi."

Zagorka akafungua bahasha, akakagua karatasi moja moja, akazipanga. Akavaa koti lake. Akamwambia amfuate na afunge mdomo.

Masjala ya kitivo ilikuwa chumba cha nje cha ofisi ya katibu. Karani wa pale alipoona ombi la baraza alitazama saa, akasema kwa upole kwamba muda umepita. Zagorka akaushika mlango wa masjala, ambao miaka yote ulikaa wazi umeegemea ukuta, akauvuta. Nyuma yake kulikuwa na kibao cha shaba kilichopakwa rangi nusu: barua na maombi hupokelewa saa mbili hadi saa tisa. Prodanović akatoka aliposikia sauti. Akaona nani anazungumza na msichana gani, akaelewa mara moja.

"Miaka ishirini na tisa umewafungia watu saa sita," akasema, na alisema kwa sauti ya kutosha ili Kosara asikie. "Leo ndiyo umegundua saa tisa? Umeanza lini kuwahurumia watu, Zagorka?"

"Sijaanza. Dirisha ni saa sita, masjala ni saa tisa. Sasa ni saa sita na robo. Karani akikataa, aandike amekataa kwa amri ya nani, atie sahihi, nami nitaipeleka karatasi hiyo wizarani pamoja na nakala ya ukurasa wa namba mia mbili kumi na mbili. Sajili zote huja kwangu kuhifadhiwa, Bwana Katibu. Wewe ndiye uliyeniweka huko."

Karani akamtazama Prodanović, hakupata ishara yoyote, akagonga muhuri na kuandika namba. Kosara alipokea nakala yake. Walipofika koridoni akamgeukia.

"Kwa hiyo masjala ilikuwa wazi siku zote. Watu wamelia mbele ya kioo chako, wamepoteza mwaka, na mlango uko hatua ishirini."

"Imeandikwa."

"Nyuma ya mlango."

"Sikuuweka mimi."

"Lakini ulijua," akasema Kosara, akaondoka kuwahi basi.

Zagorka alirudi chini. Alikaa kwenye kiti na koti mwilini. Alijaribu kuhesabu ni wangapi, kwa miaka yote hiyo, aliowashushia kioo siku ya mwisho ya jambo fulani, lakini nyuso hazikumjia. Nyuso alikuwa ameacha kuzitazama zamani. Ulikuja uso mmoja tu, wa yule mama wa Leskovac, na hata huo haukusema kitu. Siku hiyo hakula.

Baraza lilikubali ombi mwezi Desemba, kwa kura tisa dhidi ya saba. Sajili ya mwaka ule ilipoletwa chini kuhifadhiwa, chini ya mstari mwekundu kulikuwa na jina la Uroš Paligorić, namba mia mbili kumi na mbili A, kwa mwandiko wa mviringo wa Biserka. Zagorka akapiga nakala, akaandika barua ya nusu ukurasa, akaipeleka wizarani. Mkaguzi alikuja mwezi wa Mei. Uroš akafutwa. Prodanović alisema alidanganywa na watumishi wa chini, akabaki kitini pake na tai zake. Biserka alipewa onyo la maandishi na kuondolewa madirishani, akaapa kwamba hatamsalimu tena Zagorka, na kiapo hicho alikitimiza. Kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kazi, Septemba Zagorka akarudishwa dirisha namba tatu. Koridoni hakuna aliyepiga makofi.

Jambo moja alibadilisha bila kumwambia mtu. Aliyekosa sababu alimsomea kifungu chote, mpaka neno la mwisho, kwa sauti ileile kavu, hata kama anatukanwa wakati anasoma. Wengi hawakusikiliza.

Kosara alirudi Oktoba kusajiliwa. Alipitisha fomu chini ya kioo na kutazama pembeni. Zagorka akaikagua mstari kwa mstari. Picha ilikuwa moja, zinatakiwa mbili, akamrudisha. Msichana akatoka akinung'unika maneno mazito, akarudi na picha ya pili ikiwa bado na harufu ya dawa. Zagorka akaendelea kusoma. Mahali pa jina la baba palikuwa pameandikwa Svetozar Živković, na pembeni, kwa herufi ndogo, marehemu.

Kosara aliona jicho lake limesimama pale.

"Usiniambie pole," akasema. "Kwa watu wengine napokea. Kwako sitaki."

Zagorka akatikisa kichwa kukubali. Akagonga muhuri kwenye fomu, akagonga kwenye kitabu cha mitihani, akapuliza wino ukauke, akavipitisha. Kosara alivikagua vyote viwili kabla ya kuondoka kwenye kioo, kurasa zote, kama mtu anayehesabu chenji kwa mwizi. Alikuwa sahihi kukagua, na Zagorka alimpa muda.

Alihitimu baada ya miaka miwili, wa nne katika kundi lake. Siku ya kuchukua cheti chake cha sekondari walionana tena, karatasi zikapita, sahihi zikatiwa, na hakuna aliyemsalimu mwenzake.